Shabani Aliyeomba Kuwa Muuaji

Mwezi uliopita alikuja kwangu mwalimu mmoja kijana wa Kiswahili, ndiyo kwanza ameajiriwa. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa, akafungua simu akanionyesha tamthilia ya kisasi anayotakiwa kuifundisha. Akasema, "Mwalimu Zuhura, wanafunzi wangu wote wanaandika kitu kimoja. Mhusika anaua kwa sababu ana hasira. Nikiwauliza hasira ya nini, wanasema ya kuuliwa baba. Tukifika hapo somo limekwisha."

Nikacheka, maana wanafunzi wangu wa kwanza waliandika hivyo hivyo, na mimi nikawawekea alama za vema kwa wino mwekundu. Siku ile nilimjibu juu juu tu. Alipoondoka nikaona haikutosha, na kwamba wako wengi kama yeye. Basi nawaandikia nyinyi nyote mnaoingia darasani na vitabu vya namna hii. Mimi nilifundisha fasihi hapa Mingoyo mpaka nikastaafu. Kisasi nilikijua kwanza ubaoni, baadaye nikakijua nyumbani kwetu.

Kitabu tulichokuwa nacho kilikuwa cha zamani, kimetafsiriwa kutoka lugha ya mbali. Nakala zetu zilikuwa chache na jalada lilishanyofoka kabla sijafika shuleni, kwa hiyo mwandishi hatukumjua. Majina ya wahusika yalikuwa magumu, wanafunzi wakayatupa. Tukabaki na Mwashi, Mama na Kijana. Mwashi anamuua mwashi mwenzake, rafiki yake wa tangu utotoni, kwa ugomvi wa nani asimamie ujenzi wa daraja la mji. Mjane wa marehemu, ndiye Mama, anamlea mwanawe kwa kazi moja tu. Kijana anapokua anakwenda kuomba kazi kwa Mwashi, anaficha asili yake, anafundishwa ujenzi, anapendwa kama mtoto wa mle ndani. Siku ya kuzindua daraja anamuua Mwashi, naye Kijana anauawa na walinzi hapo hapo. Mwishoni Mama anabaki peke yake jukwaani na maiti mbili. Kitabu hakimpi neno la kusema. Pazia linafungwa.

Mara ya kwanza kukiigiza shuleni ilikuwa aibu tupu. Damu tuliitengeneza kwa rosela iliyochemshwa na sukari, na sukari ikawaita sisimizi. Marehemu wetu alilala pale anajikuna tumbo. Halafu mgeni rasmi akachelewa, akaingia ukumbini wakati watu wote jukwaani wameshakufa. Wanafunzi wetu walikuwa wamefundishwa adabu sawasawa. Ukumbi mzima ukasimama kumwamkia, na maiti nazo zikasimama. "Shikamoo," wakasema wote, waliokufa na walio hai. Mgeni akaitikia marahaba, akaketi, maiti zikarudi kulala. Mkuu wa shule hakunisemesha mpaka wiki ikaisha.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Mchopa, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Alikuwa anakaribia kustaafu mimi nilipoanza. Alikuja darasani kwangu siku moja akakaa nyuma, akanisikiliza nikiorodhesha sifa za wahusika ubaoni: Mwashi ni mwenye tamaa, Mama ni katili, Kijana ni jasiri. Kipindi kilipoisha akaniambia, "Binti yangu, hizo ni sifa unazompa mtu usiyemjua. Mtu unayemjua humwiti katili ukanyamaza. Unasema alikuwa hivi, ila siku ile alikuwa amefanyiwa hivi."

Akanionyesha mchezo wake wa kiti. Unaweka kiti mbele ya darasa. Mwanafunzi anakaa pale, na akishakaa si yeye tena, ni mhusika. Wenzake wanamuuliza chochote, naye anajibu kama mhusika, wala haruhusiwi kujitetea kuwa kitabu hakijaandika. Sharti lake Mwalimu Mchopa lilikuwa maswali yawe madogo. Usimuulize kwa nini uliua. Muulize asubuhi ile ulikula nini, na ulikula na nani. Muulize nyumbani umemwacha nani anakusubiri. "Ukijua nani anamsubiri," alikuwa akisema, "umejua nusu ya kilichomtuma."

Nilikariri maneno hayo na kuyatumia miaka mingi kabla sijajua uzito wake.

Kwetu ni Rondo. Kaka yangu Ismaili alibaki huko na mikorosho ya baba, mimi nikashuka kusoma. Shamba lake lilipakana na la Chande. Hao wawili walitoka jando moja, wakaoa mwaka mmoja, na msimu wa palizi walikuwa wanasaidiana, leo kwako, kesho kwangu. Katikati ya mashamba kulikuwa na mkorosho uliojiotea wenyewe mpakani. Ulipokuwa mdogo hakuna aliyeujali. Ulipoanza kuzaa sana, kila mmoja akakumbuka baba yake ndiye aliyekuwa akiufyekea. Siku moja wakati wa palizi wakabishana, wote wana mapanga mikononi kwa sababu walikuwa kazini. Chande akamkata Ismaili shingoni. Hakukimbia. Alikwenda mwenyewe ofisi ya kijiji, akakaa chini ukutani, akasubiri polisi. Mahakama ikaona hakukusudia kuua. Akafungwa miaka mingi, lakini si maisha.

Ismaili aliacha mtoto mmoja, Shabani, bado hajaanza shule. Mama yake alipomaliza eda akaolewa tena upande wa Nachingwea, mtoto akabaki kwa bibi yake, yaani mama yangu mzazi, Bi Somoe. Alipofika umri wa sekondari nikamchukua kwangu Mingoyo, na kila likizo akawa anapanda Rondo kwa bibi yake.

Mama hakuwa mtu wa kelele. Hakulaani, hakutukana ukoo wa Chande. Akina mama wa upande ule walimwamkia kisimani naye akaitikia. Alikuwa na neno lake moja tu, alilisema kila akimwekea Shabani chakula mbele: "Kula ukue. Una kazi."

Majirani walidhani anamaanisha kazi ya shamba. Mimi na Shabani tulijua.

Shabani alipofika kidato cha nne, nikaamua tuigize tena kile kitabu. Watu watauliza kwa nini nilichagua kisasi wakati nyumbani kwetu kipo. Nilikuwa na sababu, wala si ya siri. Niliona afadhali akisikie kikisemwa kwa sauti, mchana, mbele ya watu, kuliko kukisikia kwenye sahani ya ugali peke yake. Nafasi ya Kijana nilimtengea yeye. Sauti alikuwa nayo na kimo pia.

Nilipoanza kugawa nafasi akasimama.

"Mimi nipe Mwashi, shangazi," akasema. Darasani siku zote aliniita mwalimu. Wenzake wakacheka kidogo.

"Mwashi ni mzee," nikamwambia. "Wewe nataka uwe Kijana."

"Kijana namjua. Yule mwingine ndiye simjui."

Nikampa.

Siku ya kiti ilipofika, Shabani akakaa mbele, mikono juu ya magoti kama watu wazima wanavyokaa msibani. Aliyeanza kuuliza ni Fatuma, msichana mkali wa maneno aliyepewa nafasi ya Mama.

"Wewe Mwashi. Ulipomuua rafiki yako, ulikuwa unamchukia?"

"Hapana," Shabani akasema. "Ningemchukia ningejiandaa."

"Kwa hiyo ilikuwaje?"

"Alinicheka. Nilimwambia neno la maana, akacheka kama tulivyokuwa tukichekana tangu udogoni. Siku nyingine zote na mimi nilikuwa nacheka. Siku ile sikucheka."

Mwingine akauliza, "Asubuhi ile ulikula nini?"

"Muhogo. Alioniletea yeye."

Fatuma akarudi. "Na huyu kijana aliyekuja kuomba kazi kwako. Ulikuwa hujui ni mtoto wa nani?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Ana mwendo wa baba yake."

Hapo mimi mwenyewe nikainua kichwa. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara nyingi kuliko mtu yeyote mle ndani. Hakuna mahali kilipoandikwa kuwa Mwashi alijua. Lakini hakuna pia mahali kilipoandikwa kuwa hakujua, na ukirudi kusoma kwa jicho hilo, kila wema anaomfanyia yule kijana unageuka maana.

"Kama ulijua, kwa nini ulimwingiza nyumbani kwako?" Fatuma akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa nimechoka kumsubiri."

Kengele ikagongwa, na hakuna aliyeinuka haraka. Baadaye nyumbani nikamuuliza Shabani ameyatoa wapi majibu yale. Akasema, "Nimeyawaza tu," akaendelea kufua soksi zake. Sikumfuata zaidi. Na nyinyi nawasihi, mwanafunzi akikaa kwenye kiti akasema kitu kinachowatisha, mpeni maksi zake mnyamaze. Msimchimbe. Alichokisema kama mhusika amekisema kwa sababu alikuwa na pa kujificha, na mkimtoa pale hatasema tena.

Siku ya maonyesho mama yangu, Bi Somoe, alishuka kutoka Rondo kwa lori la mizigo, amevaa khanga mpya. Nilimweka kiti cha mbele. Alipomwona mjukuu wake anatoka na ndevu za pamba akakunja uso, na alipoelewa kuwa ndiye muuaji akaniangalia mimi, si jukwaa. Akatazama hata hivyo mpaka mwisho. Shabani alianguka vizuri, bila sisimizi safari hii. Kisha Kijana naye akaanguka, Fatuma akabaki amesimama katikati yao, kimya, kama kitabu kinavyotaka. Watu wengi walilia. Mama yangu hakulia. Aliinama kunisogelea akaniuliza, "Sasa yule mama atakula na nani?"

Nikadhani tamthilia imefanya kazi yake. Nilifurahi, nikamsimulia kila mwalimu aliyetaka kusikia. Leo naweza kuwaambia kwamba mtu anaweza kuielewa tamthilia kuliko sisi walimu, akarudi nyumbani na haja yake ile ile. Kuelewa na kutaka havikai chumba kimoja.

Shabani akamaliza shule, akajifunza ufundi wa pikipiki, akafungua kibanda pale njia panda ya Mingoyo. Fundi mzuri, hana maneno mengi. Akaoa. Bibi yake akawa anamwona kila sikukuu, na neno la chakula halikukoma, ingawa mtu mwenyewe ameshakuwa na ndevu zake za kweli.

Halafu Chande akatoka. Alitoka mzee, binti yake akamrudisha kwenye nyumba yake ya zamani, ng'ambo ya ule mpaka. Mama aliazima simu ya jirani akampigia Shabani. Alisema neno moja, "Amerudi," akakata.

Mimi nilikuwa Rondo kwa likizo. Niliona jioni ile Shabani anaingia na pikipiki, nikaona Mama anachinja jogoo. Wakati wa kupakua alimpa firigisi. Nyumbani kwetu firigisi, fungu la mwanamume wa nyumba, ilikuwa haijapewa mtu mmoja tangu Ismaili afariki. Mama alikuwa akiigawa pamoja na paja na shingo kwenye sahani za watoto wa jirani, akiikata vipande ili isionekane. Jioni ile aliiweka nzima juu ya wali wa Shabani. Safari hii hakusema kula ukue. Alisema "Karibu" tu.

Asubuhi baada ya sala Shabani alichukua panga kutoka nyuma ya mlango. Nikasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Shamba."

Nikamshika mkono. Akautoa polepole, bila hasira, kama ungemwondoa mtoto aliyekung'ang'ania unapotaka kwenda kazini. "Shangazi, niache nikamwone," akasema. Hakusema nikamuue. Alisema nikamwone. Nikampisha.

Walimu wenzangu, katika tamthilia zote za kisasi nilizosoma, jukwaa linahama pamoja na mwenye silaha. Tunakwenda naye mpaka kwa adui. Hakuna mwandishi aliyenipeleka kwenye nyumba aliyotoka, kuona waliobaki wanafanya nini. Mimi nilikaa kwenye nyumba hiyo. Mama alichukua ungo akaanza kupeta mchele. Ulikuwa mchele safi, ameupeta jana yake. Akaupeta, akaurudisha kwenye ndoo, akaumimina tena.

"Mama," nikamwambia, "unataka na huyu naye afungwe?"

"Wewe unafundisha vitabu."

"Ismaili alikuwa kaka yangu."

"Alikuwa kaka yako," akasema. "Na ulipata kazi, ukapata nyumba, ukawa na wanafunzi. Sikulaumu. Mimi nilibaki napita njia ile ile, naamkiwa na ndugu za Chande kisimani, naitikia. Watu walisahau, Zuhura. Walisema mapanga ni mapanga, imetokea. Nataka mtu mmoja tu afanye jambo litakaloonyesha kuwa mwanangu alikuwa na uzito."

Akarudi kwenye ungo. Huko nje jogoo wa jirani waliwika, watoto wakapita kwenda shule, mwanga ukapanda mpaka kwenye kizingiti.

Shabani alirudi kwa mwendo ule ule alioondokea, wala haraka wala pole. Panga lilikuwa na umande na nyasi. Mama alilitazama panga kwanza, ndipo akamtazama yeye.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Ehe."

"Bibi, amekuwa kipofu."

Mama aliweka ungo chini. "Na baba yako huko aliko anaona nini?"

Mama akaingia ndani, akafunga pazia. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsemesha mjukuu wake.

Yaliyotokea kule nilisimuliwa na Shabani mwenyewe siku kadhaa baadaye, tukiwa kibandani kwake, mikono yake imo ndani ya injini. Alisema alikwenda akijua kila atakachosema. Alikuwa ameyapanga tangu utoto. Atasimama mlangoni, atataja jina la baba yake, atamwacha yule mtu aelewe, kisha atafanya. Alipofika akamkuta Chande amekaa kwenye kitanda cha kamba nje ya nyumba, anapapasa chini kwa mguu mmoja. Binti yake alikuwa amekwenda kisimani.

Chande alisikia hatua akasema, "Kijana, hebu nitazamie ndara yangu. Macho yameniishia."

"Nikainama," Shabani alinisimulia. "Ilikuwa imeingia chini ya kitanda, mbali. Panga lilikuwa mkononi. Ili niifikie ilinibidi niliweke chini. Nikaliweka. Nikaivuta ndara nikamvisha, kwa sababu mwenyewe hakuweza kuona inapoelekea. Akasema ahsante mwanangu, wewe wa nani? Nikamwambia wa Ismaili."

"Akasema nini?"

"Aliipapasa ile ndara mguuni. Halafu akaniuliza, panga unalo? Nikamwambia ninalo. Akasema, mwanangu Mwajuma yuko kisimani, kama ni kufanya fanya kabla hajarudi, asije akaona. Shangazi, hakuniomba nimsamehe. Angeniomba labda ningemkata. Alikuwa anafikiria binti yake asione."

"Ukafanyaje?"

"Nikaokota panga langu nikaondoka. Nilipofika kwenye ule mkorosho wa mpakani nikakaa. Nilikaa muda. Nilikuwa nasubiri hasira ije. Tangu mdogo nilidhani ninayo, imewekwa mahali, siku ikifika nitaichukua. Nikaitafuta sikuiona. Niliona tu uso wa Bibi ananiwekea chakula."

Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya Mwalimu Mchopa niliyokuwa nikiwakaririsha watu miaka yote. Kijana wa kile kitabu hakuwa na hasira. Baba yake hakumjua, alikufa yeye bado ananyonya. Alichokuwa nacho ni mama aliyempenda na aliyekuwa akimsubiri arudi na habari. Alipomuua Mwashi, mtu aliyemfundisha kazi na kumwita mwanangu, alichagua kati ya watu wawili waliompenda. Wanafunzi wenu wakiandika hasira, waulizeni ni ya nani, na imefikaje mikononi mwa huyu.

Shabani naye alichagua, na alilipa. Kila Ijumaa alifunga kibanda akapanda Rondo. Alimpelekea bibi yake sukari na mikate, akamrekebishia paa, akamchimbia choo kipya. Kila akifika alipiga magoti mbele ya mkeka akasema, "Shikamoo Bibi." Mama aliangalia pembeni. Sukari aliigawa kwa majirani. Mara moja nilimkuta Shabani amepiga magoti pale, anasubiri marahaba muda mrefu, mpaka mimi niliyekuwa nimesimama nyuma nikaona aibu nikatoka nje.

Nilimsihi Mama kwa kila njia. Nilimpeleka imamu akazungumza naye kuhusu subira na msamaha, akamsikiliza kwa heshima, akampikia chai, akabaki palepale. Nikamwambia, "Mama, huyu ndiye uliyebaki naye kwa Ismaili." Akasema, "Najua. Ndiyo maana."

Sikumchukia, na siwezi kuwaambia alikuwa mwanamke mbaya. Aliyelisha watoto wa mtaa mzima njaa ilipopita Rondo ni yeye. Tangu hapo darasani nilipiga marufuku neno katili kwa yule Mama wa kitabuni. Mwanafunzi akitaka kulitumia, kwanza anieleze huyo mama aliamka saa ngapi, alimpikia nani, alipita njia gani kwenda kuchota maji na alikutana na nani. Akimaliza kunieleza, neno lenyewe huwa ameshaliacha. Si kwamba anamtetea. Anakuwa amemwona.

Mama alifariki kiangazi, akiwa amelala, bila kuugua sana. Shabani ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, pamoja na binamu zetu wawili, akamlaza ubavu wa kulia, akamfungua kamba za sanda kwa vidole vyake vya fundi. Alifanya yote kwa utaratibu. Watu walimsifu. Wazee wa Rondo ambao miaka ile walinong'ona kuwa mjukuu wa Somoe ameshindwa kazi, siku ile walimshika mkono.

Baada ya mazishi watu walikaa kwenye majamvi uani. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa jikoni, macho yamevimba. Shabani akaja akachuchumaa karibu yangu, udongo bado uko kwenye suruali.

"Shangazi," akasema, "kile kitabu. Yule Kijana kama asingeua, mama yake angemsamehe?"

"Kitabu hakisemi," nikamjibu.

"Najua hakisemi. Nakuuliza wewe."

Nilifundisha kitabu kile karibu maisha yangu yote ya kazi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hilo. Ningeweza kumwambia la kumfariji. Alikuwa mtoto niliyemlea, na alikuwa ametoka kaburini muda ule. Lakini aliniuliza kama mtu anayeuliza mtu mwingine mzima.

"Asingemsamehe," nikasema. "Angempenda, na asingemsamehe."

Shabani akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa kitu. Kisha akainuka, akachukua birika, akaanza kuwapitishia watu chai.